Muulize Ami: Ndege zinazonunuliwa ili zitunguliwe

Toleo lililopita nilimjibu msomaji wa Shela aliyetaka kujua kwa nini wanamaji hufyatua mizinga baharini wakati hakuna vita. Nilidhani yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki: barua zimefuatana, karibu zote zikiuliza juu ya droni ambazo majeshi hununua kwa makusudi ya kuzipiga. Kwa wageni wa ukurasa huu, anayejibu alikuwa mpiga mzinga wa jeshi la wanamaji, Mtongwe, kwenye boti za doria zenye mizinga ya Bofors ya milimita 40, kabla magoti hayajamhamishia ghalani kwenye ugavi. Kwa hivyo shabaha nimezipiga, kisha nikazinunua, na hiyo kazi ya pili ndiyo iliyoniumiza kichwa zaidi.

Ami, shikamoo. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Langoni, Lamu. Tunaunda ndege ndogo za rimoti: mabawa ya foamu, fremu ya alumini, mota ya betri. Mmoja wetu amesomea umeme Mombasa. Tumesoma kwamba majeshi ya nje yanatafuta droni za bei nafuu za kufanyia mazoezi ya shabaha. Yetu moja haimalizi elfu sitini. Je, hatuwezi kuliuzia jeshi letu? Na kwa bei hiyo nani atashindana nasi?
*Vijana wa Langoni*

Marahaba, wanangu. Kuunda ndege ikaruka na ikarudi si mchezo, nawapa mkono. Ila mmetaja bei ya ndege, na bei ya ndege ndiyo namba ndogo kwenye karatasi ya afisa ugavi. Yeye ananunua dakika. Anajiuliza: mpiga mzinga wangu atakaa dakika ngapi na kitu cha kweli mbele ya macho yake, kinachokuja kwa kasi ya kweli, na kila dakika yanigharimu shilingi ngapi?

Hebu pigeni hesabu nami. Kuna mtambo wa kurushia, maana kwenye sitaha ya meli au ufukweni hakuna uwanja wa ndege. Nyingi hurushwa kwa manati kubwa ya mpira au ya upepo uliobanwa. Kuna anayeiendesha kutoka chini, na fundi wake, na posho zao. Kuna mwavuli wa kuishushia. Kuna boti ya kuifuata ilikoangukia, na mafuta ya boti. Jioni kuna kazi nyingine ambayo ninyi watu wa mashine za boti hamhitaji kufundishwa: mashine iliyozama isipooshwa kwa maji baridi siku ile ile na kumiminiwa oili, kesho ni chuma chakavu. Droni ya shabaha yenye injini ya petroli ni hivyo hivyo, tena ina nyaya na vifaa vya umeme ambavyo chumvi huvipenda zaidi.

Halafu kuna kifaa cha kuhesabia. Risasi nyingi hukosa, na mnunuzi anaomba zikose, kwa sababu shabaha ikipigwa kila mara mtafilisika wote. Lakini mpiga mzinga lazima ajue amekosa kwa kiasi gani, na upande gani. Zamani, ndege ilipokuwa ikivuta soksi ndefu ya kitambaa nyuma yake, risasi za kila mpigaji zilipakwa rangi ya peke yake. Soksi ikirudi, watu wanakaa chini kuhesabu matundu, mekundu mangapi, ya buluu mangapi, na ubishi haukosi. Siku hizi shabaha hubeba kipokezi kinachosikia mshindo wa risasi inayopita karibu, au rada ndogo, na namba zinashuka papo hapo. Kifaa hicho peke yake chaweza kuzidi bei ya ndege yenu nzima. Bila hicho, zoezi linageuka fataki.

Foamu yenu nayo ina shida yake: rada haiioni vizuri. Mzinga wa kisasa na kombora haviongozwi kwa jicho. Ndiyo maana shabaha nyingi ndogo hubebeshwa lenzi ya Luneburg, mpira wa kubebeka kwa mikono miwili ambao hurudisha mawimbi ya rada kule yalikotoka, hata kidege chenye mabawa ya mita mbili kikaonekana kwenye skrini kuwa ndege ya kivita. Kama kombora ni lile linalofuata joto, shabaha hufungwa miali ya kuwaka mkiani. Ujanja wote wa droni ya bei nafuu umelala hapo: mwili mdogo, sura kubwa.

Ndipo mnunuzi huchagua ngazi. Kwa bunduki za rashasha, na siku hizi kwa askari wanaojifunza kupiga vidroni vidogo, chombo cha foamu kama chenu kinafaa, na hapa nawatia moyo. Kwa mizinga na makombora ya karibu, nchi zaidi ya 40 zimetumia Banshee ya Waingereza, iliyoanzia Ashford, Kent, miaka ya 1980: haina magurudumu, inatoka kwenye manati, inarudi kwa mwavuli, inashonwa na kurushwa tena. Wamarekani wana MQM-170 Outlaw kwa kazi ya aina hiyo. Juu yake ziko za jeti, kama Skua ya Afrika Kusini. Na kileleni kabisa wako wenye pesa za kumwaga: jeshi la anga la Marekani lilitumia ndege za kivita za F-4 zilizogeuzwa kuwa shabaha zisizo na rubani hadi mwaka 2016, kisha likahamia F-16. Huko hatufiki, wala hatuna haja.

Msije mkadhani urahisi huu ni uvumbuzi wa jana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la wanamaji la Marekani lilitumia tiara. Naam, tiara. Paul Garber, mtu wa makumbusho ya Smithsonian, aliunda tiara ya uzi wa mikono miwili yenye usukani mdogo chini, kitambaa cha rangi ya mbingu, na katikati imechorwa kivuli cheusi cha ndege ya Kijapani aina ya Zero. Baharia anasimama tezi, anavuta huku, analegeza kule, tiara inapiga mbizi, inageuka, inapanda tena, na wapiga mizinga wanahangaika nayo. Zilitengenezwa kwa malaki. Watoto wa Lamu wangeajiriwa siku hiyo hiyo bila hata kuulizwa cheti.

Wakati huo huo, huko California, mwigizaji wa filamu Mwingereza Reginald Denny, aliyewahi kutumikia kikosi cha anga cha Uingereza katika Vita vya Kwanza, alikuwa na duka la ndege za kuchezea pale Hollywood. Mchezo ukawa biashara. Droni yake, OQ-2, ilikuwa na urefu wa mita 2.65, uzito wa kilo 47, na injini ya nguvu za farasi sita tu, ndogo kuliko mashine ya mtumbwi wa kwenda Matondoni. Hadi vita vinakwisha, ndege za kampuni yake ya Radioplane zilikuwa zimekaribia 15,000. Nawaambia hili kwa sababu Denny alianza kama ninyi, na bado ilimchukua tangu 1935, alipoonyesha ya kwanza kwa jeshi, hadi 1940 ndipo akapata mkataba. Miaka mitano ya kubisha hodi.

Sasa zabuni yenyewe. Nikiwa ghalani, zabuni moja ya soksi za shabaha ilikwenda kwa aliyetaja bei ya chini kabisa. Jina lake nalihifadhi. Zilikuja nzuri, nyekundu, zimekunjwa na kupigwa pasi. Siku ya zoezi ndege ikaondoka, boti za ulinzi zikatangulia, watu wamevaa kofia za chuma tangu alfajiri. Soksi ya kwanza ikafunguka, ikapepea, ikachanika kwenye mshono wa pete kabla mzinga hata mmoja haujalia. Ya pili vilevile. Tukarudi Mtongwe na risasi zetu zote. Nilipoandika gharama, mafuta ya ndege, mafuta ya meli, chakula, siku nzima ya watu wote wale, bei ya soksi ilikaa mstari wa mwisho, nayo ndiyo iliyoharibu mistari yote iliyo juu yake. Tangu hapo, kila hati iliyopita mkononi mwangu ilidai mshono uning'inizwe uzito mbele ya macho yetu, ndipo malipo yatoke.

Kwa hivyo hati nzuri ya droni za shabaha hairidhiki na neno "nafuu". Inataja kasi, kimo, muda wa kukaa hewani, upepo ambao chombo kitastahimili, kitarudi kazini baada ya saa ngapi, vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi. Na inauliza: mawasiliano yakikatika, kitafanya nini? Tiara ikikatika uzi huenda arijojo, mtoto akalia kidogo yakaisha. Droni ya kilo hamsini ikienda arijojo kuelekea kijijini, kilio chake ni kingine. Lazima iwe imetegwa toka mwanzo: ikikosa sauti ya bwana wake, izime injini na kufungua mwavuli yenyewe. Yenu inafanya hivyo? Kama haifanyi, anzeni hapo kabla ya kutafuta mnunuzi.

Na sheria. Droni Kenya zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege chini ya kanuni za mwaka 2020. Hamuwezi kuagiza vifaa, kuunda wala kurusha kibiashara bila idhini yao. Lamu mnajua wenyewe tunavyoishi na ulinzi. Kurusha chombo karibu na Manda bila karatasi ni kujitafutia lala salama ya bure kituoni. Kuhusu ununuzi, sheria ya mwaka 2015 inaziruhusu taasisi za usalama kuwa na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Droni za shabaha zikiingizwa kwenye ya siri, hamtaona tangazo gazetini hata mkodoe macho. Zikiwa kwenye ya wazi, mna haki yenu katika asilimia 30 ya zabuni za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kujiandikisha ni bure.

Mkitaka rai yangu, msiuze ndege peke yake. Mzabuni wa Ulaya ana ndege bora kuliko yenu na atakuwa nayo daima. Asicho nacho ni boti, watu wanaojua mkondo wa mlango wa Manda unavyogeuka maji yakianza kujaa, na mtu wa kukiokota chombo kabla chumvi haijakila na kukisafisha jioni hiyo hiyo. Kazi ya kurusha, kuokota, kuosha na kutengeneza ndiyo inayorudi kila zoezi. Kwenye hiyo, wanangu, nani atashindana nanyi kweli?

Ami, siku hizi kuna mashine za kuigiza, askari anakaa mbele ya skrini anapiga ndege za kompyuta. Kwa nini tupoteze vyombo vya kweli?
*Mwalimu, Faza*

Mwalimu, skrini inafundisha na ina nafasi yake. Mtoto hafundishwi kuogelea kwa kutupwa kilindini. Lakini skrini haina risasi iliyokwama, haina mkono wa mpakiaji unaoteleza kwa jasho, haina mawimbi ya kusi yanayoinua sitaha pale pale unapovuta.

Waingereza waliwahi kujipima. Mwaka 1933, kwenye Bahari ya Mediterania, walirusha ndege isiyo na rubani iitwayo Fairey Queen juu ya manowari zao wenyewe na kuamuru mizinga iipige. Kwa muda wa saa mbili hivi waliifyatulia, na haikuanguka. Hizo zilikuwa manowari za taifa lililojiona bwana wa bahari, na wapigaji waliofuzu kila mtihani wa soksi. Miaka miwili baadaye wakawa na Queen Bee, iliyotokana na ndege za mafunzo za Tiger Moth ila mwili wake wa mbao, kwa sababu mbao ni rahisi na ikianguka majini inaelea. Ziliundwa mia nne hivi. Unaona jinsi mnunuzi alivyofikiri? Hakutafuta ndege nzuri, alitafuta itakayookoteka.

Ami, mume wangu ananiambia eti Marilyn Monroe alikuwa fundi wa droni. Tumewekeana soda. Nani kashinda?
*Mama Nuru, Malindi*

Mnunulie soda, bibi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa bado anaitwa Norma Jeane Dougherty, alikuwa kibarua katika kiwanda hicho hicho cha Radioplane nilichokitaja juu, huko Van Nuys. Mpiga picha wa jeshi, David Conover, alitumwa kupiga picha za wanawake kazini, akamkuta. Ila "fundi wa droni" ametia chumvi; alikuwa kibarua kama vibarua wengine. Mpe soda ndogo.

Ami, sabalkheri. Mimi mvuvi wa Kizingitini. Mwenzetu alituonyesha kwenye simu picha ya kitu cha rangi ya chungwa kimeokotwa na wavuvi wa nchi nyingine, kina mabawa mafupi na maandishi. Tukikutana na kitu hicho kwenye nyavu tufanye nini? Na ni mali ya nani?

Wavuvi hao huenda ni wa Ufilipino. Mwezi Januari 2015, huko kisiwa cha Patnanungan, waliokota chombo kama hicho. Kikaja kutambuliwa kuwa BQM-74, shabaha ya jeti ya wanamaji wa Marekani, iliyotumika kwenye zoezi karibu na Guam miezi iliyotangulia. Mkondo uliichukua maili na maili. Rangi ya chungwa si urembo: imepakwa ili anayeitafuta aione juu ya maji ya buluu, na ili rubani wa kweli aliye karibu asigongane nayo.

Ikikufika nyavuni, usiipandishe ndani ya boti. Najua faibaglasi nzuri inatamanisha, na mwavuli wake unaweza kushona tanga. Lakini ndani yake kunaweza kuwa na kijibomu kidogo cha kufungulia mwavuli ambacho hakikulipuka, miali ya joto ambayo haikuwaka, na betri ya lithiamu iliyoliwa na chumvi, ambayo hushika moto bila kuuliza. Nyingine hurushwa kwa msaada wa roketi. Kata uzi wa nyavu ukibidi, chukua majira ya mahali kwenye GPS ya simu, piga picha kwa mbali, kisha wajulishe Walinzi wa Pwani, au BMU yenu (kikundi cha usimamizi wa ufuo) iwapigie. Mali ni ya jeshi lililoirusha hata kama imeelea mwaka mzima. Zawadi ya kuokota usiitegemee. Nyavu zako zilizokatwa, hizo ziorodheshe na uzidai.

Kwa Ami. Nimezaliwa Ngomeni, na wazee wetu wanasimulia roketi za Wataliano. Kama jeshi linataka mahali pa kurushia shabaha na kuzipiga, si pale pale panafaa? Ajira zingerudi.

Wazee wako wanasema kweli. Kwenye jukwaa la San Marco, mbele ya Ngomeni, setilaiti ya kwanza ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967, na ile iliyoitwa Uhuru ikapanda siku ya Jamhuri, 12 Desemba 1970. Ya mwisho ilikuwa 1988. Palichaguliwa kwa sababu mbili: pako karibu na ikweta, na upande wa mashariki ni bahari tupu ambako chuma kikianguka hakimwangukii mtu.

Lakini roketi na shabaha hazilingani, bwana. Roketi inarushwa mara chache, inakwenda moja kwa moja, imekwisha. Zoezi la mizinga linakaa. Risasi ya Bofors iliyokosa shabaha yaweza kwenda kilomita kumi hivi, nayo droni inazunguka, kwa hivyo eneo la hatari ni pana kuliko unavyofikiri. Lazima itolewe ilani kwa marubani na ilani kwa mabaharia, boti za ulinzi zikae pembeni, na kila mtumbwi uondoke. Kila mtumbwi, hata wa yule mzee wa Mambrui asiye na redio.

Na uondoke lini? Hapa ndipo penye utata ambao mtu wa ofisini Nairobi haumjii akilini. Wakati wa kusi bahari imechafuka, wavuvi wengi wako nchi kavu, ungedhani ndio wakati wa jeshi. Lakini kusi ndiyo inayoangusha miavuli pasipotakiwa na kupindua boti za kuokotea. Kwa hivyo jeshi nalo litataka kaskazi, bahari shwari, macho yanaona mbali. Kaskazi hiyo hiyo ndiyo msimu wa samaki na wa watalii wa Malindi na Watamu. Wote mnataka siku zile zile.

Wavuvi wakifukuzwa maji yao, kuna gharama, na mahakama zetu zimeshaitia namba. Mwaka 2018 Mahakama Kuu hapa Malindi, katika kesi ya bandari ya Lamu, iliamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kesi ile ilihusu bandari, na hasara ya kudumu si sawa na kufunga bahari siku chache. Hata hivyo, afisa ugavi mwenye akili angeisoma kabla ya kuandika kwamba droni zake ni za bei nafuu. Siku ya mvuvi iliyopotea ni sehemu ya bei ya shabaha. Isipoandikwa kwenye bajeti, mvuvi ndiye anayeilipa, na yeye hakuitwa kwenye zabuni.

Ajira ungepata, ndiyo, chache: walinzi, boti, wapishi. Ungeuliza wazee hao hao wanaosimulia roketi ni nani wa Ngomeni aliyestaafu na pensheni.

Ami, tulioko huku Mpeketoni tumeona mengi. Umeandika juu ya shabaha kana kwamba ni vitu visivyodhuru. Je, mtu hawezi kuchukua droni ya shabaha akaifunga bomu?

Anaweza, na imeshafanyika, tena na majeshi rasmi. Swali lako ni zito na sitalizunguka.

Droni ya shabaha ni chombo kinachoruka mbali, kwa kasi, bila mtu, na ambacho mwenyewe haoni taabu kukipoteza. Ukisoma sentensi hiyo tena utaona nimeeleza silaha pia. Firebee ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza 1951 ikiwa shabaha ya jeti, ndugu zake walikwenda kupeleleza Vietnam. Januari 1991, usiku wa kwanza wa vita vya Ghuba, Wamarekani walirusha BQM-74 kuelekea Baghdad, zile zile za kuokotwa na wavuvi, ili Wairaki wawashe rada wakidhani ni ndege za kivita. Rada zikawaka, zikapigwa. Na karibuni zaidi, kampuni ya SpektreWorks ya Arizona iliunda droni ya FLM 136 ikiiga Shahed-136, droni ya kushambulia ya Iran, ili wanajeshi wapate kitu cha kujifunzia kuitungua. Mwaka 2025 ndugu yake, LUCAS, akaonyeshwa Pentagon kama silaha, bei ikitajwa kuwa dola 35,000 hivi. Mwanafunzi kageuka mwalimu.

Bei hiyo ndiyo iliyobadilisha biashara yote hii. Kombora moja la Patriot la kisasa ni dola milioni nne hivi. Likipigwa droni ya makumi ya maelfu, aliyetungua amekula hasara kuliko aliyetunguliwa. Kwa hivyo kila jeshi sasa linataka kufundisha watu wake kutungua kwa mizinga na silaha rahisi, dhidi ya vyombo vingi vinavyokuja pamoja. Ukitaka kufanya mazoezi na shabaha ishirini kwa mpigo huwezi kununua za jeti ishirini. Ndio mwanzo wa hamu hii ya "bei nafuu" inayowafanya vijana wa Langoni waniandikie.

Ulinzi wake ni karatasi na kufuli, hakuna muujiza. Muuzaji hudai hati ya mtumiaji wa mwisho, serikali ya nchi yake nayo ikaidhinisha. Kwa upande wetu, ghala lihesabiwe. Nilipokuwa kwenye ugavi, kitu kilichoandikwa "cha kuharibiwa mazoezini" ndicho nilichokiogopa kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayetarajia kukiona kikirudi. Zimeondoka shabaha kumi, wakasema zote kumi zimezama. Nani atapiga mbizi kuhakikisha? Kwa hivyo kila shabaha iwe na namba, na kila iliyozama iwe na majira ya mahali ilipozama na sahihi mbili, ya aliyeirusha na ya nahodha wa boti iliyoifuata. Kama mnunuzi hataki kuandika hivyo kwenye mkataba, mkataba huo nisingeutia sahihi hata kwa droni ya foamu.

Ami, kuna bwana mmoja Malindi mjini anasema ana mtu wake jeshini, na kwamba zabuni ya droni za mazoezi iko tayari, nimpe shilingi elfu arobaini "za faili" kampuni yangu iingizwe. Ameshachukua ishirini. Nimalizie?
*Msomaji, Malindi*

Usimalizie. Hakuna zabuni ya serikali inayolipiwa faili mkononi mwa mtu mkahawani. Hati za zabuni ya wazi ukizipakua mtandaoni hulipi kitu, na ya siri haitangazwi na mpambe. Ile ishirini mwambie unaitaka kwa maandishi na kwa tarehe, kisha upeleke jumbe zake zote za simu kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, pamoja na rekodi ya muamala wa M-Pesa. Kama ulimpa taslimu, andika leo ni nani mwingine alikuwepo.